Mgonjwa Ndiye wa Mwisho Kujua

Saratani katika Wilaya ya Kilosa hugundulika kwa mwendo mrefu. Mama wa Tindiga au wa Zombo anaanza kwa maumivu ya kiuno na damu isiyokatika. Zahanati wanampa vidonge vya kutuliza na vya maambukizi ya njia ya mkojo (U.T.I.). Mwezi ukipita anarudi, anaandikiwa kwenda kituo cha afya, kutoka hapo Hospitali ya Wilaya pale Kilosa mjini, au Mtakatifu Kizito kule Mikumi, kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Kinyama kinakatwa na kupelekwa mbali kupimwa. Majibu yakirudi inaandikwa rufaa ya Morogoro, na baada ya Morogoro ni Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road. Njia nzima hiyo ameonana na matabibu, wauguzi, watu wa maabara na makarani wa faili, na kila mmoja ameandika kitu juu yake. Pamoja na yote hayo, siku anaporudishwa nyumbani akiwa amelazwa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, anaweza kuwa mtu pekee katika ukoo wake asiyejua anaumwa nini.

Anayejua ni aliyemsindikiza. Daktari amemwita pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini: hali si nzuri, mrudisheni nyumbani mkamuuguze. Yule ndugu anampigia simu kaka, kaka anampigia mjomba, mjomba anawaambia wazee. Gari linapofika kijijini majirani wameshasikia na wengine wameanza kuja kutoa pole. Mgonjwa anaambiwa: daktari amesema utapona, wewe jitahidi kula tu.

Naandika haya kwa sababu naamini tunawatendea vibaya watu wetu katika saa yao ngumu kuliko zote, na tunawatendea hivyo kwa nia njema. Habari ya ugonjwa ni ya mgonjwa kwanza. Namna ya kumfikishia kwa huruma tunaijua. Tuliijenga wenyewe tulipopambana na UKIMWI, kisha hatukuihamishia kwenye saratani, kwenye figo na kwenye moyo.

Suala hili si la watu wachache. Makadirio ya taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani kwa mwaka 2020 yanaonyesha kwamba Tanzania ilipata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 na vifo karibu 27,000. Saratani ya mlango wa kizazi peke yake ilichukua zaidi ya wagonjwa wapya 10,000. Wengi wao hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa, wakati ambapo kazi iliyobaki ni tiba shufaa: kutuliza maumivu, kupunguza kichefuchefu na harufu ya kidonda, kuishika mkono familia. Hiyo ni tiba kamili inayohitaji ujuzi, na haiwezi kutolewa vizuri kwa mtu anayedanganywa. Utampaje mgonjwa dawa ya maumivu makali huku ukimwambia ana vidonda vya tumbo?

Ndugu wanaoficha wana sababu zao, na tuzisikilize. Wengi wanasema akiambiwa atakata tamaa na kufa kabla ya siku zake. Wapo wanaoona kwamba kutaja kifo mbele ya mtu aliye hai ni kumchuria. Wapo wanaokumbuka shangazi aliyegeukia ukutani siku aliyosikia jina la ugonjwa wake, hakula tena. Na ipo sababu isiyosemwa: anayetoa habari ndiye atakayebaki kutazamwa machoni na kuulizwa, na si wengi wenye nguvu hiyo. Mhudumu wa afya naye ana mzigo wake. Nje kuna foleni ndefu, chumba kina pazia mahali pa mlango, na chuoni alisoma dozi za malaria na hatua za uzazi salama kuliko alivyosoma maneno ya kumwambia mtu mzima, mwenye umri wa mama yake, kwamba hatapona. Kumwita kijana aliyemsindikiza ni njia ya haraka.

Hata hivyo hofu kwamba ukweli unaua haijathibitika. Mwaka 2008 Alexi Wright na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa wa saratani iliyokomaa nchini Marekani. Waliozungumza na madaktari wao kuhusu mwisho wa maisha hawakuonekana kuwa na sonona wala wasiwasi zaidi ya wale ambao hawakuzungumza, na siku za mwisho walipata mateso machache ya mashine na vyumba vya wagonjwa mahututi. Karibu zaidi na kwetu, Lucy Selman, Richard Harding na wenzao walichapisha mwaka 2009 utafiti uliowasikiliza wagonjwa na walezi wao Uganda na Afrika Kusini. Walisema hawaelezwi chanzo cha ugonjwa wala kitakachofuata, na kwamba kutojua huko kunawafanya washindwe kuubeba ugonjwa wenyewe. Nani basi anasema Mwafrika hataki kuelezwa? Mara nyingi ni yule ambaye hajamuuliza.

Dai kwamba kusema ukweli ni desturi ya Wazungu nalo halina mizizi. Mwaka 1961 daktari Donald Oken alichapisha uchunguzi wake kwa madaktari wa Chicago: takriban 90 kati ya kila 100 walipendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Swali hilo liliporudiwa Marekani na majibu kuchapishwa mwaka 1979, 97 kati ya kila 100 walipendelea kumwambia. Kizazi kimoja cha madaktari kiligeuka kabisa. Desturi ya kuficha ilikuwa yao pia, nao wakaiacha baada ya tiba kuongezeka na wagonjwa kudai haki yao.

Mambo yenye uzito zaidi kwa Kilosa, kwa maoni yangu, ni ardhi na madeni. Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, wenyeji wa wilaya hii, pamoja na jirani zao Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ana sauti, na shamba la ukoo lina wenyewe. Hapohapo wapo wahamiaji kutoka mikoa mingi waliokuja na mashamba ya mkonge, reli na miwa, wapo wafugaji, wapo Waislamu wanaorithishana kwa sheria ya dini. Baba mwenye eka za miwa Ruhembe au mpunga Kimamba akifa bila kutamka lolote, watoto wake wanasimama upande huu, wapwa zake upande ule, na mjane katikati hana pa kushika. Kesi ya namna hiyo inaweza kula miaka katika Mahakama ya Mwanzo na kumaliza undugu kabisa. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA) wanaandika na kuhifadhi wosia, mzee wa kijiji anaweza kukaa shahidi, lakini nani anaandika wosia akiwa ameaminishwa kwamba wiki ijayo atarudi shambani? Wosia unahitaji akili timamu pia. Familia inayosubiri mpaka mgonjwa aanze kuweweseka imeshachelewa.

Dini zetu ziko upande wa ukweli katika hili. Mwislamu anatakiwa madeni yake yajulikane, kwa kuwa deni hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Ana ruhusa ya kuusia hadi theluthi ya mali yake. Ana watu wa kuwaomba radhi. Mkatoliki wa Mikumi anataka padri afike na mpako wa wagonjwa wakati yeye bado anaweza kuungama. Ukimficha mtu kwamba safari imekaribia umemnyang'anya toba, umemnyang'anya nafasi ya kumwita mdogo wake waliyegombana naye tangu mafuriko ya Kilosa ya 2010 na kumaliza maneno. Sijui ni upendo gani unaoweza kulipia hasara hiyo.

Kuna suala la fedha pia. Familia isiyoambiwa ukweli inauza. Linauzwa debe la mpunga, kisha ng'ombe, kisha kipande cha shamba, kufuatilia tiba ambayo daktari mwenyewe anajua haitaponya. Tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ikisimama Kilosa, safari ya kwenda Ocean Road imekuwa fupi kuliko ilivyokuwa kwa basi, na hilo ni jambo jema sana kwa mgonjwa anayewahi. Kwa aliyechelewa, urahisi wa usafiri unaweza kuwa njia ya kumaliza akiba ya watoto haraka zaidi iwapo hajaelezwa kwamba mionzi anayokwenda kupigwa ni ya kukausha damu na kupunguza maumivu. Kutoelewa huku kuko hata kwenye nchi tajiri: utafiti wa Jane Weeks na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 2012, ulikuta kwamba kati ya wagonjwa waliokuwa kwenye kemo kwa saratani iliyosambaa, 69 kati ya kila 100 wenye saratani ya mapafu na 81 kati ya kila 100 wenye saratani ya utumbo mpana hawakuonyesha kuelewa kwamba dawa hiyo haikuelekea kuwaponya. Mionzi ya kutuliza ina faida kubwa, na mgonjwa akielezwa faida hiyo kwa jina lake anaweza kuichagua huku akijua. Anaweza pia kusema hapana, fedha hiyo msomesheni mjukuu wangu Neema.

Penye ukimya wa hospitali hujaa sauti nyingine. Mwaka 2011 nchi nzima ilimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu, Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Wagonjwa waliondolewa wodini na kupakiwa kwenye magari. Wengine walifia njiani na wengine waliacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Ni rahisi kuwalaumu kwa ujinga. Ila tujiulize ni wangapi kati yao walikuwa wameketishwa na mhudumu wa afya, wakaelezwa kwa utulivu ugonjwa wao umefika wapi na hospitali inaweza kufanya nini na haiwezi nini. Mtu aliyeambiwa tu kwamba dawa zimegoma, bila maelezo, atasikiliza yeyote mwenye maelezo, awe mganga wa kienyeji, nabii wa mkutano wa injili au jirani anayemtaja mchawi kwa jina. Katika vijiji vyetu hilo la mwisho limeleta damu.

Sasa tutazame tulichokwisha kukifanya. Miaka ya tisini UKIMWI ulikuwa ugonjwa wa kunong'onwa kuliko saratani ilivyo leo. Mwaka 2001 shirika la afya la AMREF lilianzisha vituo vya ushauri na upimaji vya Angaza, na Watanzania wa kawaida wakajifunza kwamba kabla ya kipimo unakaa na mshauri, anakuuliza ukipata majibu haya utafanya nini na yale utafanya nini. Na baada ya kipimo unakaa naye tena, wewe na yeye, mlango umefungwa. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Kikwete na mkewe Salma walipima hadharani kuzindua kampeni ya taifa. Mwaka 2008 sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ikaweka ushauri nasaha na usiri wa majibu kuwa wajibu. Leo nesi wa zahanati ya kijijini anaweza kumpa binti wa miaka ishirini majibu ya virusi vya UKIMWI bila kumwita baba yake pembeni, na angeona aibu kufanya vinginevyo. Nesi huyohuyo, chumba hichohicho, akiwa na majibu ya saratani ya mama wa miaka hamsini, anamtafuta mwanawe wa kiume. Tofauti imeletwa na mafunzo, fedha na sheria, na haikuletwa na utamaduni.

Tuone kwa karibu inavyoweza kwenda. Mazungumzo haya nimeyatunga, si ya mtu fulani. Muuguzi ameingia na kiti chake, amekaa, simu ameizima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, majibu ya kile kinyama yamerudi. Kabla sijasema, hebu niambie wewe mwenyewe, huu ugonjwa unauonaje?"

"Mimi naona kidonda kimekataa tu. Ila mwili unaisha."

"Wapo wanaopenda waelezwe kila kitu, wapo wanaosema mwambieni mwanangu. Wewe ungependa tufanyeje?"

"Niambie. Ila mwite Asha akae hapa."

Asha anaitwa. Muuguzi anasubiri akae.

"Mama, majibu si mazuri. Pole sana." Ananyamaza kidogo. "Ni saratani ya mlango wa kizazi, na imeshatoka pale ilipoanzia. Dawa ya kuimaliza kabisa hatuna, hapa wala Dar es Salaam. Maumivu tunaweza kuyatuliza, na damu pia. Hatutakuacha."

Mama halii. Anauliza kama atafika mavuno.

Hatua hizi ndizo ambazo Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walizipanga mwaka 2000 katika mwongozo wa hatua sita unaofundishwa sasa duniani kote: mahali patulivu, kumuuliza anachojua, kumuuliza anachotaka kujua, kusema kwa maneno mepesi, kupokea hisia zake, kupanga kinachofuata. Kwangu mimi, la kuuliza anachotaka kujua na nani awepo linayashinda mengine yote, na ndilo linalotufaa zaidi sisi. Linaheshimu mzee anayesema, mwambieni mjomba wangu, mimi sitaki kusikia. Huyo naye ametumia haki yake; ametoa ruhusa kwa kinywa chake. Tunachokikataa ni familia kujipa ruhusa hiyo bila kumuuliza.

Swali la mavuno ni gumu, na hapo wengi huharibu. Mwaka 2000 Nicholas Christakis na Elizabeth Lamont walichapisha utafiti wa wagonjwa 468 wa hospisi za Chicago, huduma za wanaokaribia mwisho wa maisha: madaktari walipoulizwa kila mmoja angeishi muda gani, makadirio yaliyokaribia ukweli yalikuwa 20 tu kati ya kila 100, na kwa jumla walitaja muda uliozidi ule halisi mara tano hivi. Daktari anayesema miezi mitatu amesema asichokijua. Lakini kukimbilia "Mungu yupo, tumuombe" na kutoka mlangoni nako ni kukwepa. Jibu la kweli lipo katikati: siku anazijua Mungu, mimi ninachokiona ni kwamba mwili unadhoofika wiki kwa wiki, hivyo jambo lolote la shamba na watoto usilisubirishe mavuno. Sentensi hiyo haijamtabiria kifo mtu, na imempa kazi ya kufanya.

Ukweli bila dawa ni ukatili. Hili Anne Merriman alilijua alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Alitaka morfini ya maji ipatikane kwanza, ndipo huduma ianze. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waandike morfini, kwa sababu vijijini hakuna madaktari wa kutosha. Kwetu Ocean Road, Hospitali ya Selian ya Arusha na Muheza mkoani Tanga walitangulia kuonyesha kwamba huduma hii inawezekana hadi nyumbani kwa mgonjwa. Morfini ya maji ni dawa rahisi kuitumia: kijiko kilichopimwa kila baada ya saa nne, dozi ya kulalia ikiongezwa mara mbili ili mgonjwa na anayemuuguza wapate usingizi, pamoja na dawa ya kulainisha choo, kwani morfini hufunga choo kwa karibu kila mtu. Ni nadra mgonjwa kuwa teja kwa dawa anayopewa kwa kipimo cha maumivu yake. Chupa hiyo inapokosekana Kilosa au Mikumi, mhudumu anaona haya kusema ukweli, kwa maana hana cha kuahidi. Anayedai uwazi wodini adai na morfini kwenye stoo ya dawa.

Katika maisha ya hadhara tumeanza kubadilika, polepole. Matangazo ya vifo bado yanasema "baada ya kuugua kwa muda mrefu", nayo yanatosha kwa familia inayotaka siri yake. Lakini tarehe 29 Februari 2024, Rais Samia alipotangaza kifo cha Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliutaja ugonjwa kwa jina: saratani ya mapafu. Nchini Kenya, mbunge wa Kibra Ken Okoth alizungumza akiwa hai, mwaka 2019, kwamba saratani yake ilikuwa hatua ya nne. Alifariki Julai 26 mwaka huo. Watu walimsikia mgonjwa mwenyewe akiuzungumzia mwisho wake bila kutetemeka, na yeye ndiye aliyechagua nini kisemwe.

Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kufikia zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Hao ndio watakaoingia nyumba za Zombo, Malolo na Kidodi, ambako mgonjwa amelazwa chumba cha nyuma na kila mtu anamtabasamia. Wafundishwe namna ya kuuliza maswali mawili: umeelezwa nini kuhusu ugonjwa wako, na ungependa kujua nini. Wasipofundishwa hilo, watakuwa watu wapya wa kuficha.

Kwa ndugu anayesoma haya akiwa na mgonjwa nyumbani, naomba umuulize kabla hujamfichia. Muulize akiwa na nguvu ya kujibu, saa ambayo maumivu yametulia, na ukubali jibu lake lolote.

Na kwa uongozi wa afya wa Wilaya ya Kilosa nina ombi dogo. Fomu ya rufaa ina nafasi ya jina, umri, majibu ya vipimo na dawa alizopewa. Uongezwe mstari mmoja: mgonjwa mwenyewe ameelezwa nini, na nani. Muuguzi wa Mikumi anayempokea mtu aliyerudishwa kutoka Dar es Salaam atajua aanzie wapi, na daktari aliyeuacha mstari huo mtupu atalazimika kueleza kwa nini. Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza kuliagiza hilo kwa waraka wa ukurasa mmoja, na kazi ikaanza mwezi huu.